Biva na Harufu ya Mgeni

Enzi ambazo wawindaji walizunguka mito ya Manitoba, huko Kanada, wakitafuta ngozi za manyoya, Biva alikuwa na bwawa lake. Biva ni mnyama anayekata miti kwa meno na kuziba mto. Huyu alikuwa na wivu. Kwenye kila ukingo alirundika tope na kulitia harufu yake, ili biva wengine wajue pana mwenyewe.

Asubuhi moja akanusa harufu ya biva mwingine.

"Nani amethubutu?" aliuliza.

"Usiende, jirani," alisema Fisimaji, mla samaki wa mto uleule. "Nimekagua ukingo wote. Harufu ipo, biva hayupo. Nyayo nilizoziona ni za mtu."

"Wewe hujajenga kitu maishani mwako. Utajuaje uchungu wa kuingiliwa?"

Biva akaogelea hadi kwenye kijiti kilichopakwa harufu ile. Alipopanda ukingoni ili aifunike kwa harufu yake, mtego wa chuma ukamnasa mguu. Hapo, pua ikiwa karibu, akaitambua. Ilikuwa ya kaka yake, ambaye Biva mwenyewe alimfukuza mwaka uliopita.

"Kaka amerudi?" aliuliza.

"Hakurudi," alisema Fisimaji. "Ameletwa ndani ya chupa ya mwindaji."

Mwindaji alikuja, akamchuna Biva, akakamua harufu yake kwenye chupa ileile, kisha akashuka na mto. Bwawa lililofuata lilikuwa la binti yake Biva, ambaye baba yake alimfundisha kutovumilia harufu ya mgeni.