Kiti cha Mwenyekiti Nyuma ya Goli

Kiti cha Mwenyekiti kiliwekwa nyuma ya goli la Tanzania, hatua nne tu kutoka wavuni, juani. Mwalimu Prisca, kocha wa timu, alikibeba mwenyewe kutoka meza kuu, akakifuta vumbi na kukitandikia kitambaa cheupe.

"Huku?" aliuliza Mzee Gwamaka. "Wageni rasmi wote wako kivulini."

"Kamera zinapiga golini, tata. Meza kuu hakuna atakayeiona," alijibu Prisca, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

Mzee akaketi haraka.

Ilikuwa fainali ya mpira wa mikono wa wanawake, katika Michezo ya Ujirani ya nchi tatu za Ziwa Nyasa, na mwaka huu wenyeji walikuwa Kyela. Tanzania na Malawi. Mzee Gwamaka alikuwa mwenyekiti wa kamati, ingawa mchezo wenyewe hakuujua. Mwaka mzima aliuita netiboli, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Alichokijua vizuri ni kwamba Malawi imetufunga miaka mitatu mfululizo. Asubuhi ile alikuwa amewatangazia wachezaji kwamba wakifungwa tena timu inavunjwa, na safari yao ya mwakani watakwenda wanakamati, kwa mafunzo. Mafunzo ya nini, hakusema.

Kulikuwa na tatizo moja. Golikipa, Rut, alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe Davidi. Na kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani huingia migombani mpaka apite, na jina lake halitamki. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini si Mzee Gwamaka. Kila harusi na kila msiba alijisifu kwamba wanawe wawili wameoa, Davidi hapa mjini na Aliko aliyehamia Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa biashara ya mchele, naye hajawahi kuziona sura za wake zao. Alilitaja jambo hilo kama wengine wanavyotaja shahada.

"Sasa Rut itakuwaje?" aliuliza.

"Ukiwa nyuma yake hakuoni, tata. Nimeshapanga."

Aliisifu akili ya mwalimu, akaomba kitu kimoja tu: jina lake litangazwe. Prisca alikuwa ameshalipeleka kwa mtangazaji. Kipaza sauti kikalitaja mara tatu, jina lake na la baba yake na la babu yake, mzaliwa wa Ndandalo, aliyeketi nyuma ya goli. Mzee akasimama mara zote tatu, akipunga kofia pande zote za uwanja.

Mpira ukaanza. Rut alidaka vizuri. Mpira ukitoka nje alirudi kinyumenyume mpaka mtu amkabidhi, na Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliyemshangaza ni Namba Tisa wa Malawi. Juzi dada huyo aliwafunga Msumbiji mabao kumi na moja, na leo watu walifunga maduka kuja kumwona. Lakini kila alipovuka katikati ya uwanja alitazama viatu vyake. Akipewa mpira aliurudisha kwa wenzake hapo hapo. Alirusha mara nne, zote nje, na moja ikampiga refa.

"Huyo ndiye mliyekuwa mnanitisha naye?" Mzee alipaza sauti. "Binti, inua uso! Goli liko huku!"

Namba Tisa alijifunika uso kwa jezi. Kocha wake, mtu wa Lilongwe, alimfokea mpaka sauti ikamkauka.

Wakati wa mapumziko Malawi walikuwa nyuma kwa mabao mawili. Timu zikabadilishana magoli, na Rut, aliyekuwa ameteguka kidole gumba, akatolewa. Akaingia Kisa, msichana mwenye moyo mkubwa na mikono midogo. Mzee alianza kukusanya fimbo na kofia yake.

"Basi mimi nirudi kivulini. Mkamwana hayupo golini tena."

"Usituache, tata," alisema Prisca, na kiti alikuwa ameshakinyanyua. Alikivusha uwanja mzima mpaka nyuma ya goli la pili. "Bahati yetu yote iko kwako."

Hilo Mzee alilifahamu siku nyingi.

Kisa, maskini, alifungwa na karibu kila Mmalawi aliyejaribu. Dakika ya mwisho ikafika, mabao kumi na tano kwa kumi na nne, Tanzania tuko mbele kwa moja, na refa akawapa Malawi penati. Wachezaji wetu walishikana mikono, wawili wakilia tayari. Benchi la Malawi likamsukuma Namba Tisa mbele.

Alisimama mita saba kutoka golini. Mbele yake alikuwa Kisa. Nyuma ya Kisa, Mzee Gwamaka, ameegemea kiti, akitabasamu kwa ajili ya kamera. Filimbi ikalia. Namba Tisa akageuza uso pembeni, akafumba macho, akarusha. Mpira ulitua meza kuu, katikati ya soda za wageni rasmi.

Uwanja mzima ulipiga kelele. Timu imepona! Mzee alijipenyeza katikati ya vigelegele kwenda kumpa Namba Tisa ushauri wa bure, maana mshindi lazima awe muungwana. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya mfuko wa mipira, taulo kichwani, amegeukia ukuta.

"Umeona?" Mzee alimwambia Prisca. "Mchezaji wa kimataifa, hawezi hata kumtazama mtu usoni."

"Ndaga fijo, tata," alisema Prisca, akikunja kile kitambaa cheupe. "Asante sana kwa kukaa."

Mwanamume mmoja alitoka mbio upande wa mashabiki wa Malawi, mikono kichwani. Alikuwa Aliko.

"Tata!" alilia. "Nani amekukalisha pale? Mke wangu angerushaje mpira?"