Aliyeufungisha Ukumbi

Shangazi alimwaga ndoo nzima ya maji machafu mbele ya kibanda cha fundi cherehani, kisha akasimama palepale, mikono kiunoni, akingoja atoke.

Fundi alitoka. Aliyatazama maji yakipenya chini ya mlango wake, akainama kuokota kitambaa cha mteja kilichoanza kulowa. Hakufoka. Alisema tu, "Shangazi, mtu unayemtafuta hayuko upande huu wa ukuta."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi.

Ukuta wenyewe ulikuwa mmoja: huku cherehani, kule ukumbi wa muziki alioujenga marehemu baba yake Shangazi. Kumbi nyingine za mji zilikwisha kugeuzwa maghala na maduka ya magodoro. Huu ndio uliobaki ambamo bendi ilipiga muziki mbele ya macho ya watu, na mpiga gita akikosea, watu wanacheka na yeye anacheka. Sasa mlango wake ulifungwa kwa mnyororo wa halmashauri. Mtu alikuwa amepeleka malalamiko ya kelele, akaomba asitajwe mpaka siku ya kikao. Na nani mwingine angelalamika, kama si huyu fundi, ambaye mwaka juzi alikuja kusema ngoma zinamtetemeshea sindano?

Wanamuziki wote walimwita Shangazi kwa sababu watoto wa mdogo wake walimwita hivyo, na mdogo wake ndiye aliyekuwa roho ya bendi. Mtaani alijulikana kwa jina la Tarumbeta. Alipoanza kupuliza, hata wachuuzi wa nje waliacha kunadi. Mwaka huo alikuwa amelazwa, kifua kimembana, na daktari akamwambia aachane kabisa na kupuliza. Alirudi jukwaani wiki ileile aliyotoka hospitali. Mtu hapumziki, alisema, wakati ukumbi uko wazi na watu wamekaa wanamngoja. Usiku ule Shangazi alipiga makofi kuliko wote.

Tangu mnyororo ule ufungwe, Tarumbeta alikuwa amejikunyata nyumbani kama kuku aliyenyeshewa, chombo chake kiko juu ya kabati. Shangazi alipokwenda kumjulia hali, alishindwa kumtazama usoni.

"Analala usiku kucha siku hizi," wifi yake, mke wa Tarumbeta, alimwambia uani, akikamua nguo. "Na anakula."

Shangazi akajibu kwamba huko si kulala, huko ni kukata tamaa.

Wifi hakubisha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Katika siku zile za balaa ndiye aliyefuatana na Shangazi nyumba kwa nyumba, wakati anawaomba majirani waje kikaoni kuutetea ukumbi. Alimshikia mkoba. Alimkalisha vibarazani machozi yalipomzidi. Jambo moja tu ndilo walilopishania. Kila Shangazi alipomtaja fundi, wifi yake alisimama njiani.

"Mwache yule mzee, wifi," alimwambia. "Utakuja kujuta."

Shangazi aliona ni huruma tu. Wifi yake hakuwahi kugombana hata na muuza duka aliyempunja mchana kweupe.

Kwa hiyo hakumwacha. Aliwakataza waimbaji wasimpelekee tena nguo za kushona, nao wakatii. Watoto wa mtaa wakajifunza kumzomea. Fundi alizidi kuinamia cherehani yake, na akipishana na Shangazi aliangalia pembeni, jambo ambalo Shangazi alilihesabu kuwa ushahidi tosha.

Siku ya kikao watu walijaa mpaka kwenye korido. Feni ilizunguka bila kuleta upepo. Tarumbeta hakuja, mkewe alisema ngazi za jengo la halmashauri zingemmaliza. Shangazi alikaa safu ya mbele, wifi yake ubavuni, wameshikana mikono, na wanamuziki wote nyuma yao.

Mwenyekiti akasema ataanza na mashahidi. Fundi cherehani akainuka, na minong'ono ya hasira ikapita chumba kizima.

Alieleza kwamba ameupa ukuta ule mgongo tangu alipokuwa anajifunza kutunga uzi. Waimbaji aliowashonea magauni ya kwanza sasa wana wajukuu. Ni kweli aliwahi kulalamika juu ya sindano. Wiki ileile Tarumbeta alimletea kipande cha mpira wa gari akiweke chini ya cherehani, na neno likaisha. Tangu ukumbi unyamaze, alisema, kila siku kwake imekuwa ndefu kama siku ya msiba. Aliomba mnyororo ufunguliwe.

"Kama ni kelele," alimalizia, "hakuna anayezisikia kama mimi. Na mimi nazitaka."

Shangazi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwinamia wifi yake, akamnong'oneza kwamba kumbe siye, kwamba wakitoka hapo atakwenda kumpigia magoti mbele ya mtaa mzima. Wifi aliendelea kumtazama mwenyekiti. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Mwenyekiti alivua miwani, akasema sasa mlalamikaji ajitokeze mbele ya wote.

Vichwa viligeukia mlangoni. Shangazi naye aligeuka, amekaza macho, tayari kumwona adui yake akiingia.

Hakuna aliyeingia.

Katika safu ya mbele, wifi yake aliuchomoa mkono wake taratibu, akautengeneza mtandio kichwani, akasimama.