Nimeshakula

Kitendawili. Chakula changu nikikitaja tu, nashinda na njaa. Hujui? Basi nipe mji.

Haya, mji nimeupata, na jibu ni neno "nimeshakula". Katika mji huo Asumini alibangua korosho miaka kumi na mmoja. Kila mchana wenzake walipomkaribisha chakula aliwajibu hivyo hivyo, akaenda kukaa nyuma ya banda la kubangulia mpaka wamalize. Ujira wake wote uliishia kwenye kodi ya chumba na uji wa watoto.

Mwezi huu mwenye banda ameanza kuwalipa ujira wa kumtosha mtu kuishi. Leo Asumini amekuja na bakuli lake mwenyewe, wali kwa maharage. Amelifunua, amelipakata, analitazama tu. Vidole vyake vilikufa ganzi zamani kwa mafuta ya maganda, na moyo nao leo ni hivyo hivyo.

"Shoga, mbona huli?" akauliza Somoe, anayekaa naye mkeka mmoja.

"Ahsante, nimeshakula."

Mdomo ulimtangulia. Wanawake wakacheka mpaka wakaegemeana.

"Bakuli limejaa pomoni, umekula saa ngapi wewe?" akasema mmoja wao.

Somoe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka.

"Asumini," akasema polepole, "na miaka yote ile, ulikuwa umekula nini?"

Asumini akamega tonge, akalifinyanga, akabaki nalo mkononi.

"Maji," akasema.