Mdudu Aliyemuua Stanley

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati Edith akiwa hata hajaweka mkoba chini. La pili likavunja kioo cha dirisha. Mamake, Benta, hakushtuka. Aliinama tu akaanza kuokota vipande, kama mtu aliyezoea.

"Wameanza lini mambo haya?"

"Tangu tumzike shemeji."

Shemeji ni Stanley, mdogo wa marehemu babake Edith. Asubuhi alikunywa uji kwa Benta, mchana kutwa akatapika na kuhara, jua likazama naye. Sasa Ndhiwa nzima ilikuwa imeshakata shauri: Benta ni mchawi, au alimtilia sumu, au yote mawili. Katika hoteli yake ndogo pale sokoni hakuna aliyethubutu kuonja hata chai.

"Na Liz yuko wapi?" Edith akamuulizia mdogo wake.

"Nilimpeleka Uriri kwa dada yangu, kabla ya haya yote. Huyo shemeji hakuwa na tabia ya kupiga hodi."

Edith hakuuliza zaidi. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka masikioni.

Huko Nairobi kazi yake ilikuwa kuchunguza bakteria kwa kompyuta. Mwaka wa mvua za El Niño, watu wa Ndhiwa walipougua matumbo, bakteria waliopatikana katika kijito chao walipelekwa ng'ambo, jeni zao zikasomwa herufi kwa herufi. Edith ndiye aliyezipitisha herufi hizo kwenye programu. Protini nyingi za bakteria hubaki ndani yake, lakini zile za kutemwa nje huanza na kipande maalumu, mfano wa anwani juu ya bahasha. Programu ilizisaka anwani hizo. Kati ya protini ilizozitabiri, moja ilifanana mno na sumu inayojulikana kwa kuharibu utumbo.

"Hayo ni makisio, Edith," mkubwa wake alikuwa amemwonya. "Mpaka tuijaribu kwenye maabara, usimwambie mtu."

Kulipokucha, Edith alikwenda kwa chifu kudai baraza, na watu walipokusanyika hakungoja kukaribishwa.

"Mnatafuta sumu? Sumu iko! Iko ndani ya maji mnayokunywa. Kuna mdudu mle kijitoni anayetema sumu yake mwenyewe, nami nimeiona kwa kompyuta. Mnampiga mjane mawe kwa kosa la kijito!"

Roselyn, mkewe Stanley, akainuka. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Mimi ndiye niliyempakata akikata roho. Alitokwa na mate kama mbwa mwenye kichaa. Mboni za macho zilisinyaa zikawa vitone tu. Huko ni kuhara gani, Edith?"

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana, lakini..."

"Basi keti!"

Roselyn akaketi. Chifu akajikohoza. "Na marehemu mwenyewe, alipimwa?"

"Angepimwa na nani? Mlikimbilia majembe kabla ya kumwita daktari!"

Watu wakainamisha vichwa. Edith alijua vizuri kwamba programu ilisema tu kile ambacho mdudu anaweza kutema. Haikusema kilichokuwa tumboni mwa Stanley. Neno hilo lilimfika kooni. Kisha akawaona vijana waliorusha mawe jana, wameegemea ukuta wanachekacheka, akalimeza.

"Kompyuta haina ukoo," akasema. "Haina shamba inalogombania. Kompyuta haidanganyi!"

Chifu akatangaza kwamba yeyote atakayeigusa tena nyumba ya Benta atalala seli, na kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu achemshe maji yake. Vijana wakaacha kucheka. Roselyn akavuka uwanja, akampa Benta mkono.

"Nisamehe, Mama Edith. Uchungu ulinipofusha."

Benta akaupokea mkono ule, macho yake chini. Edith alitamani mno mamake angeukataa.

Hata walipofika nyumbani hasira haikumtoka. Alizunguka jikoni huku na huko, akipiga meza, akipiga ukuta.

"Watu tuliokula nao! Watu uliowakopesha chakula! Ningekuwa na uwezo ningewafunga wote, nikaanza na yule Roselyn. Eti mate! Eti macho! Unamsingizia mtu uuaji kwa sababu ya mate?"

"Mwache Roselyn," Benta alisema. "Ana haki ya kumlilia mumewe."

"Hana haki ya kukuita muuaji!"

Benta alikuwa akichochea moto. Akauacha, akafuta mikono kwa leso, akamtazama bintiye. Alikuwa amekonda tangu Krismasi, mashavu yamebonyea.

"Edith, nyathina," akasema polepole, akimwita mwanangu kwa Kijaluo kama alivyofanya tangu Edith akiwa mdogo. "Mimi sikusoma. Usinifariji bure. Huyo mdudu, una hakika ndiye aliyemuua?"

"Nina hakika, Mama. Kabisa."

Benta akashusha pumzi ndefu, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akatabasamu.

"Mungu ashukuriwe," akasema. "Siku zote hizi mimi nilidhani ni ile dawa ya kupe niliyomtilia kwenye uji."