Kinyakyusa cha Kuazima

Sheria ya chuo haikuwa na huruma: kila mtafiti wa uzamili katika ufundishaji wa lugha sharti amwazime mgeni lugha yake ya mama kwa muhula mzima. Mgeni akishaipokea, mwenyewe habaki na neno hata moja. Huko ndiko kuelewa tamaduni, walisema wakubwa, Mungu awazidishie hekima.

Basi Ambakisye akamwazima Aino, msichana kutoka Ufini, Kinyakyusa chake, akampeleka kwao Tukuyu kwa moyo mweupe. Moyo huo ulidumu hadi chai ya kwanza.

Mama yake na Aino walimenya ndizi wakicheka mpaka machozi. Msomi wa ukoo aliketi pembeni kama mkwe asiyetakiwa.

"Mnacheka nini, mama?"

"Aa, ya jikoni hayo, baba. Kwa Kiswahili hayachekeshi."

Wivu ukampanda. Akamtilia Aino chumvi kwenye chai; msichana akatoa utani kwa Kinyakyusa, mama akacheka upya.

Muhula ulipokwisha, Ambakisye aliwahi sebuleni na kifaa cha kurudishia lugha. Mama akakifunika kwa kanga.

"Mwachie kidogo, baba."

"Mama! Ile ni lugha yangu!"

"Najua. Lakini ulipokuwa nayo, ulinipigia simu kwa Kiswahili, tena mbio mbio."

Ambakisye akafungua kinywa ambembeleze mama kwa Kinyakyusa, kama alivyozoea utotoni. Hakikutoka kitu. Huko jikoni Aino aliita, na mama akaitika kabla hajamaliza kuitwa.