Cheti cha Mwanaidi

Kwa mara ya nne Mwanaidi alirudi kwenye dirisha la ofisi ya ustawi wa jamii na fomu ya kumtoa mwanawe alelewe na watu wengine. Karani akairudisha tena.

"Cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi, dada?"

"Sina. Nilizaliwa nyumbani."

"Basi kiserikali hujazaliwa. Utamtoaje mtoto? Mlete aliyekuzaa, aweke dole gumba."

Mwanaidi alichoka kabisa. Miezi yote alimficha mama yake mimba, kisha mtoto, na leo anaambiwa amlete. Akatoka nje, akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Hivi nilizaliwa tarehe gani?"

Mtoto akaangua kilio mgongoni.

"Mnyonyeshe kwanza," mama yake akasema, "ndipo tuongee."

Mwanaidi akaibana fomu kwa meno, akaanza kufungua kanga.