Khanga Kwenye Benchi

Rosalia alipewa kipaza sauti atoe neno la shukrani kwa niaba ya akina mama wa Vingunguti. Utepe ulishakatwa, na kibanda kipya cha abiria kilikuwa bado kinanuka rangi.

Hakushukuru. Alifungua khanga aliyojifunga kiunoni, akaitandika kwenye benchi, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, taratibu, kama anayemtandikia mgeni kitanda.

"Mheshimiwa, karibu ukae."

Afisa wa jiji aliyekata utepe akacheka, akakaa. Angekataaje, mbele ya kamera?

"Wakati wa korona mlituondolea mabasi, mkasema ni kwa muda tu," Rosalia alisema. "Korona imepita, watu wamerudi makazini, sie bado tunawabeba wagonjwa mgongoni mpaka barabara kuu. Leo mmetuletea benchi. Haya, tusubiri basi wote."

Makofi yakalipuka. Afisa akatazama saa, akataka kuinuka. "Mama, nina kikao kingine."

"Kaa, baba. Likija tutapanda wote."

Dereva wa afisa akawasha gari. Akina mama wakafungua khanga zao, wakazitandika barabarani mbele ya gari, wakakaa.